Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka baada ya kusasisha BIOS: ulinganisho wa njia nne za kuiokoa

Kompyuta ya mezani iliyofanya kazi vizuri asubuhi, ikasasishwa BIOS yake, yaani programu dhibiti inayoiamsha kabla ya Windows, adhuhuri, kisha ikakataa kuwaka, humwacha mwenyewe njia panda. Kila anayemuuliza ana jibu lake. Mmoja atamwambia achomoe betri ndogo ya ubao mama, wa pili atamwambia atafute flashi na faili la BIOS, wa tatu atamwelekeza kwa fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, na wa nne atamshauri anunue ubao mwingine asipoteze muda. Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa kila mmoja anatibu ugonjwa wake. Makala haya yanazipima njia hizo nne kwa vigezo vilevile ili msomaji aliyekwama ajue ipi inalingana na mashine yake, mfuko wake na thamani ya kazi iliyomo ndani ya diski.

Mafundi wengi bado wanashikilia ushauri wa zamani kwamba BIOS isiyosumbua isiguswe. Ushauri huo ulikuwa na mashiko, lakini miaka ya karibuni imewalazimu hata watu waangalifu kusasisha. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, na mbao mama nyingi zilihitaji BIOS mpya ili sehemu hiyo iwashwe bila usumbufu. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye alama ya X3D kuungua, watengenezaji wa mbao mama walitoa BIOS zinazozuia volti ya SoC, yaani sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu na mawasiliano, isizidi 1.3. Agosti 2024 Intel ilitoa maikrokodi 0x129, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, kwa ajili ya prosesa za Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilizokuwa zikidhoofika kwa kupata volti kubwa mno, na wengi waliipata kwa kusasisha BIOS. Zaidi ya hayo, kompyuta nyingi za ofisi hupokea masasisho ya programu dhibiti kupitia Windows Update, hivyo mtumiaji anaweza asiwe ameamua lolote; aliiacha mashine ikijizima, umeme ukakatika katikati, na matatizo yakaanzia hapo.

## Kwanza itambue hali ya mashine

Kabla ya kulinganisha tiba, tazama kwa makini mashine inafanya nini unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Muda utakaotumia hapa utakuokolea fedha huko mbele, kwa maana hali zinazofanana kwa mbali huwa na sababu zisizofanana hata kidogo.

Ikiwa skrini inaonyesha nembo ya mtengenezaji au ujumbe wowote, lakini Windows haifunguki, programu dhibiti ni nzima. Kilichotokea ni kwamba sasisho limerudisha mipangilio katika hali ya kiwandani. Diski iliyokuwa ikisomwa kwa mtindo wa RAID sasa inasomwa kwa AHCI (hii ni mitindo miwili ya ubao kuwasiliana na diski), au kinyume chake, na Windows huishia kwenye skrini ya hitilafu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Au mtindo wa zamani wa kuwasha, yaani CSM, umezimwa, na diski iliyopangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, haitambuliwi tena kama diski ya kuanzia.

Ikiwa skrini inadai ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, mashine haijaharibika hata kidogo. Imegundua kwamba programu dhibiti imebadilika na inataka uthibitisho kwamba mwenyewe ndiye aliyeibadilisha. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtumiaji, au kwa msimamizi wa mtandao wa ofisi. Kwenye mbao za AMD unaweza pia kukutana na ujumbe unaouliza kama fTPM, yaani TPM iliyo ndani ya prosesa, ifutwe, ukikutaka ubonyeze Y au N. Asiye na ufunguo wa BitLocker mkononi abonyeze N.

Ikiwa feni zinazunguka, skrini ni nyeusi, na taa ndogo ya DRAM, yaani ya RAM, kwenye ubao imewaka, subiri. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo mashine nzima zinapoharibiwa. Mbao za AMD za soketi ya AM5, ambazo hutumia RAM za DDR5, hulazimika kuzipima RAM upya baada ya BIOS kubadilishwa, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa bila chochote kuonekana kwenye skrini. Mashine inaweza hata kujizima na kujiwasha yenyewe katika kipindi hicho. Anayechomoa waya wa umeme kwa wasiwasi huilazimisha ianze upya, na akiichomoa wakati sasisho lenyewe bado linaandikwa, anatengeneza ajali iliyokuwa haipo. Ipe dakika kumi na tano kabla ya kusema imekufa.

Hali mbili za mwisho ndizo nzito: mashine inayojiwasha na kujizima bila kikomo, na ile ambayo feni zinazunguka lakini hakuna picha, hakuna mlio, wala taa yoyote ya ubao inayobadilika hata baada ya kusubiri. Hapo programu dhibiti yenyewe inaweza kuwa imeandikwa nusu. Kama hakuna feni inayozunguka kabisa, kagua pawa saplai na nyaya zake kwanza, kwani huenda BIOS inasingiziwa.

## Vigezo vya ulinganisho

Kila njia hapa chini nimeipima kwa mambo matano: inatibu hali ipi, inahitaji vifaa na ujuzi gani, ina hatari gani, inakula muda na fedha kiasi gani, na inamfaa nani. Hatari inajumuisha mambo ambayo watu huyakumbuka wakiwa wamechelewa, kama leseni ya Windows, dhamana ya muuzaji, na namba za utambulisho zilizoandikwa ndani ya chipu. Faili za mtumiaji zipo kwenye diski, na hakuna hata moja kati ya njia hizi nne inayohitaji kugusa diski hiyo. Mwenye kazi ya haraka anaweza kuichomoa, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kuendelea na kazi, alimradi ana ufunguo ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker.

## Njia ya kwanza: kufuta mipangilio ya CMOS

Inatibu nini. CMOS ni sehemu inayotunza mipangilio ya BIOS. Kuifuta kunafaa pale ambapo programu dhibiti imeandikwa kikamilifu lakini inajikwaa kwenye mipangilio iliyobaki kutoka toleo la zamani: kasi ya RAM iliyopandishwa, volti zilizobadilishwa kwa mkono, au thamani ambazo toleo jipya halizielewi. Haiwezi kurudisha programu iliyoandikwa nusu.

Inahitaji nini. Bisibisi na utulivu vinatosha. Mashine inazimwa, waya wa umeme unachomolewa ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kinabonyezwa kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Baada ya hapo unatafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC, JBAT1 au CLR_CMOS kulingana na mtengenezaji, na kuziunganisha kwa jampa, yaani kifuniko kidogo cha kuunganisha pini, au kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kama kumi. Ubao usio na pini hizo hutolewa betri yake ya CR2032 kwa dakika tano au zaidi. Pini ni bora kuliko betri zinapopatikana, kwa sababu kwenye mbao za kisasa sehemu ya mipangilio hukaa ndani ya chipu ya BIOS, ambayo haihitaji betri ili kukumbuka. Kama betri ina miaka mingi, ipime kwa mita. Inatakiwa kuwa na volti 3 hivi, na ikishuka sana ibadilishe hapohapo.

Hatari. Ni ndogo, ila ipo. Kufuta mipangilio kunaweza kuzima CSM, na kadi ya picha ya zamani isiyo na uwezo wa UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, haitaonyesha kitu, hivyo mwenye mashine ataamini ameua ubao wakati ubao unafanya kazi gizani. Dawa yake ni kuhamishia waya wa skrini kwenye tundu la ubao lenyewe, kama prosesa ina uwezo wa picha, au kuazima kadi mpya zaidi kwa muda. Hatari nyingine ni ile ya RAID na AHCI niliyoitaja. Mwenye Windows inayotegemea RAID anapaswa kuirudisha kwenye mipangilio kabla ya kujaribu kuifungua.

Muda na gharama. Ni kazi ya robo saa, na gharama yake haizidi bei ya betri.

Inamfaa nani. Inamfaa kila mtu kama hatua ya mwanzo, hasa aliyekuwa amewasha XMP au EXPO ili RAM iende kwa kasi zaidi. Haimfai anayetarajia muujiza baada ya umeme kukatika katikati ya sasisho.

## Njia ya pili: uokoaji uliowekwa na mtengenezaji

Inatibu nini. Hii ndiyo tiba halisi ya programu dhibiti iliyoandikwa nusu au isiyo sahihi, kwa mashine iliyotengenezwa ikiwa na uwezo wa kujiokoa. Mbao nyingi zinazouzwa peke yake zina kitufe maalumu kwa nyuma: ASUS huuita uwezo huo USB BIOS FlashBack, MSI huuita Flash BIOS, na Gigabyte huuita Q-Flash Plus. Kitufe hicho hufanya kazi hata kama hakuna prosesa wala RAM kwenye ubao. Baadhi ya mbao za Gigabyte zina pia DualBIOS, yaani chipu ya pili yenye nakala ya akiba.

Kompyuta za ofisi, ambazo ndizo zilizojaa katika maduka ya mitumba ya Dar es Salaam na Nairobi, hutumia mbinu zake. Kwenye nyingi za HP unashikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B, kisha unabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde mbili au tatu na kukiachia huku vile viwili ukiendelea kuvishikilia. Kwenye Dell za karibuni unashikilia Ctrl na Esc wakati wa kuwasha hadi ukurasa wa uokoaji utokee. Kwenye Lenovo ThinkCentre nyingi unahamisha jampa kutoka pini ya 1 na 2 kwenda pini ya 2 na 3.

Inahitaji nini. Unahitaji kompyuta nyingine ya kupakulia faili, na flashi iliyoumbizwa kwa FAT32. Jina la faili ndilo linalowashinda wengi. MSI hutaka liitwe MSI.ROM, Gigabyte hutaka GIGABYTE.BIN, na ASUS hutoa programu ndogo ya kulibadilisha jina pamoja na faili lenyewe. Faili hukaa juu kabisa kwenye flashi, si ndani ya folda. Flashi ndogo ya zamani ya USB 2.0 mara nyingi hukubaliwa kwa urahisi kuliko kubwa mpya.

Kwenye ubao wa ASUS, kwa mfano, flashi huchomekwa kwenye tundu la USB lililowekewa alama, si tundu lolote lile, kisha kitufe kinashikiliwa kwa sekunde tatu mpaka taa ikonyeze mara tatu. Taa ikiendelea kukonyeza, kazi inafanyika. Ikizimika, kazi imekwisha. Ikikonyeza kwa sekunde tano hivi kisha ikabaki imewaka bila kukonyeza, uandishi haukuanza: ama jina la faili si sahihi, ama flashi haikubaliki, ama tundu si lenyewe. Ishara hiyo inakueleza mahali pa kurekebisha, kwa hiyo kaa karibu uitazame.

Hatari. Kuna mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni umeme kukatika tena, na hapa UPS, hata ya kuazima, inastahili gharama yake. Ya pili ni faili la ubao unaofanana tu kwa jina. Toleo la ubao huchapishwa pembeni mwa ubao wenyewe, kwa mfano rev. 1.0 au rev. 1.1, na matoleo hayo mawili yanaweza kuwa na BIOS tofauti. Vilevile soma orodha ya prosesa zinazokubaliwa na toleo unaloliandika. Baadhi ya mbao za AM4 zilikuwa na chipu za MB 16, na ili kupata nafasi ya prosesa mpya watengenezaji waliondoa baadhi ya prosesa za zamani. Mwenye prosesa iliyoondolewa ataona skrini nyeusi ingawa sasisho lilikwenda vizuri kabisa, na tiba yake ni kurudi toleo la nyuma kwa kitufe hichohicho.

Muda na gharama. Uandishi wenyewe huchukua dakika chache, ila maandalizi yanaweza kula saa nzima. Hakuna cha kununua zaidi ya flashi.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye ubao wenye kitufe hicho au kompyuta ya ofisi yenye njia ya uokoaji, anayeweza kusoma mwongozo kwa uangalifu. Haimfai mwenye ubao wa bei nafuu usio na uwezo huo, na mbao za namna hiyo ni nyingi. Kabla ya kuhangaika na flashi, hakikisha kitufe au mchanganyiko wa vitufe umetajwa kwenye mwongozo wa modeli yako.

## Njia ya tatu: kuandika chipu moja kwa moja

Inatibu nini. Inatibu karibu kila kifo cha programu dhibiti, hata pale ambapo njia ya pili imeshindwa au haipo, alimradi chipu na ubao havijaungua. BIOS hukaa kwenye chipu ndogo, kwa kawaida ya miguu minane, yenye ujazo wa MB 16 au 32 kwenye mbao za kisasa. Kifaa cha nje huisoma na kuiandika bila kuitegemea kompyuta iliyokufa.

Inahitaji nini. Kifaa kinachotumiwa zaidi ni CH341A, kinachouzwa pamoja na klipu ya kubana chipu ikiwa bado kwenye ubao, na programu huria ya flashrom inaweza kukiendesha. Ujuzi ndio wa gharama. Chipu ina nukta ndogo kwenye kona moja inayoonyesha mguu wa kwanza, na waya mwekundu wa klipu lazima uelekee upande huo. Namba iliyoandikwa juu ya chipu isomwe kwa kioo cha kukuza, kwani herufi mbili za mwisho hubadilisha kila kitu: W25Q128FV ya Winbond hutumia volti 3.3, ilhali W25Q128FW hutumia volti 1.8 na huhitaji adapta. Vifaa vingi vya CH341A vya rangi nyeusi vina kasoro inayojulikana, kwamba njia zake za data hutoa volti 5 hata kama umeme wa chipu ni 3.3. Fundi makini hukirekebisha kwanza au hutumia kifaa kingine.

Kabla ya kuandika, chipu inasomwa na kilichomo kinahifadhiwa. Inasomwa tena, na nakala hizo mbili zinalinganishwa. Zikitofautiana, klipu haijashika vizuri na hakuna kinachopaswa kuandikwa. Hatua hii haina mbadala, hata kama kilichomo kimeharibika, kwa sababu ndani ya chipu hiyohiyo mara nyingi kuna anwani ya MAC ya mtandao, namba ya mashine, na kwenye kompyuta zilizouzwa na Windows, ufunguo wa leseni yake. Anayefuta chipu bila nakala huvipoteza.

Hatari. Ni kubwa kuliko njia mbili za kwanza. Faili linalopakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji mara nyingi si picha kamili ya chipu, yaani nakala ya kila kilichomo. Lile la ASUS lenye kiishio cha CAP lina kichwa, yaani data ya ziada mwanzoni, kinachopaswa kuondolewa, na masasisho ya Dell na HP huja yakiwa yamefungashwa kwa namna isiyoandikika moja kwa moja. Baadhi ya HP za ofisi zina ulinzi wa Sure Start wenye nakala yake ya siri, na hufanya kazi hii iwe ngumu zaidi. Kuna pia chipu za WSON zisizo na miguu, ambazo klipu haizishiki, hivyo inabidi zitolewe kwa bloa ya hewa moto. Dhamana, kama bado ipo, inaweza kukataliwa baada ya kazi hii.

Muda na gharama. Kwa fundi aliyezoea ni kazi ya saa moja au mbili. Kwa anayejifunza inaweza kuwa ya siku nzima. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo, chini sana ya bei ya ubao.

Inamfaa nani. Inamfaa fundi, au mwenye mashine anayependa elektroniki na anayekubali kujifunzia kwenye ubao ambao tayari hauna cha kupoteza. Inamfaa pia mwenye ubao wa gharama usio na kitufe cha uokoaji. Unapompelekea fundi, muulize maswali mawili kabla ya kumwachia mashine: je, atahifadhi nakala ya kilichomo, na je, atakupa nakala hiyo? Jibu lake litakuonyesha kiwango chake.

## Njia ya nne: kurudisha kwa muuzaji au kubadilisha ubao

Inatibu nini. Inatibu kila kitu kinachohusu ubao, pamoja na hitilafu za umeme ambazo njia tatu za kwanza hazizigusi.

Inahitaji nini. Kama dhamana ipo, inahitaji risiti. Kama haipo, inahitaji ubao unaolingana na prosesa, RAM, kasha na pawa saplai. Kwenye kompyuta za Dell na HP za ofisi sharti hili ni kali, kwa sababu nyingi zina viunganishi vya umeme na maumbo ya pekee, na ubao wa kawaida wa dukani hauingii. Tafuta ubao wa modeli ileile.

Hatari. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungamana na ubao. Aliyeiunganisha leseni na akaunti yake ya Microsoft mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kuiamilisha upya. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itadai ufunguo wake bila msamaha. Na ubao wa mtumba unaweza kuja na nenosiri la BIOS la ofisi ya zamani, kwa hiyo ujaribu mbele ya muuzaji na uingie kwenye mipangilio kabla ya kulipa.

Muda na gharama. Kubadilisha ubao ni kazi ya nusu siku; kusubiri dhamana kunaweza kuwa wiki kadhaa. Gharama huanzia sifuri kwa mwenye dhamana hadi kiasi ambacho, kwa mashine ya zamani, kinakaribia bei ya mtumba mwingine mzima.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye dhamana hai, na mwenye mashine ambaye muda wake ni wa thamani kuliko ubao. Haimfai mwenye kompyuta ya miaka kumi ambayo kosa lake ni programu tu.

## Kuchagua kulingana na hali yako

Kama mashine bado ina dhamana, futa CMOS kwa njia iliyoelezwa kwenye mwongozo, jaribu uokoaji wa mtengenezaji kwa sababu ni sehemu ya bidhaa, kisha irudishe. Usiruhusu mtu yeyote aweke klipu kwenye chipu kabla muuzaji hajajibu.

Kama unaona nembo au ujumbe kwenye skrini, kaa na njia ya kwanza na ukurasa wa mipangilio tu. Kagua mpangilio wa kuwasha, RAID au AHCI, CSM na Secure Boot (kinga inayokagua programu za kuwasha), moja baada ya jingine, ukianzisha upya baada ya kila badiliko ili ujue lipi lililosaidia. Kulipia kuandikwa kwa chipu hapa ni kulipia tiba ya ugonjwa usiokuwepo.

Kama umeme ulikatika katikati ya sasisho na skrini ni nyeusi, njia ya kwanza haina uwezekano mkubwa wa kusaidia, ingawa haidhuru kuijaribu. Fungua mwongozo utafute njia ya pili. Ikiwa ubao wako hauna uwezo huo, linganisha bei ya fundi wa chipu na bei ya ubao wa mtumba. Kwa ubao wa soketi ya kisasa fundi huwa nafuu, na kwa mashine za kizazi cha nne au cha sita cha Intel pengo hupungua kiasi kwamba upatikanaji wa ubao mtaani kwako ndio utakaoamua.

Kama ni mwanafunzi au mwandishi mwenye kazi ya kuwasilisha kesho, toa diski leo, ifungulie kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB au kikasha cha M.2, na uiache mashine kwa wiki hii. Uamuzi wa njia ya tatu au ya nne hauhitaji kufanywa usiku wa manane.

Kama ni ofisi, shule au mgahawa wa intaneti wenye kompyuta kadhaa za modeli moja, hali yako ni nzuri kuliko inavyoonekana. Simamisha kwanza masasisho ya programu dhibiti kwenye mashine zilizobaki, na uandike toleo la BIOS la kila moja. Mashine nzima ya modeli ileile inaweza kumpa fundi picha kamili ya chipu ya kulinganisha na ile iliyoharibika, jambo linaloifanya njia ya tatu iwezekane hata pale ambapo faili la mtengenezaji haliandikiki. Mkumbushe tu kwamba namba ya mashine na anwani ya MAC lazima zitoke kwenye nakala ya zamani ya mashine iliyokufa, la sivyo mtakuwa na kompyuta mbili zenye anwani moja kwenye mtandao mmoja, na zitaanza kugombana siku hiyohiyo.